Jopo la Maprofesa Katika Soko la Mbuzi

Kwa miaka kumi na minane Dakta Nzilani alichunguza jinsi mataifa makubwa yanavyoyabana madogo bila kufyatua risasi: yanafunga soko, yananyima mikopo, basi. Leo jopo la chuo lilikuwa limhoji kwa simu ya video. Likimkubali, atakuwa profesa. Likimkataa, asubiri miaka mingine mitano.

Zikibaki dakika ishirini, mtandao ukakatika nyumbani. Alikimbia na viatu vya shambani mpaka soko la mbuzi, ambako mtandao ulishika, kwa rafiki yake Qaali, mchuuzi wa mifugo. Qaali akampisha kiti chake mwenyewe, akamfuta vumbi shavuni kwa ncha ya mtandio.

"Kaa, abaayo, dada yangu. Mtu akipiga kelele hapa, namuuza pamoja na mbuzi."

Maprofesa watano wakatokea kwenye simu. Mwenyekiti, Profesa Wathome, akasema, "Tueleze nguvu ya uchumi hata nyanya yangu aelewe."

Maneno yote makubwa yakamtoroka Nzilani. Akaangalia huku na huku, akawaona wachuuzi wawili wakipatana bei. Pale bei haitangazwi. Mikono hufunikwa kwa nguo, na kila kidole kinachobanwa ni elfu moja.

"Qaali, lete mkono! Nataka yule dume mweusi."

Wakafunika mikono kwa mtandio.

"Maprofesa, mnaona nini?"

"Kitambaa tu," Wathome akasema.

"Ndiyo mikataba ya mataifa hiyo! Juu mnaona tabasamu, chini mtu anabanwa. Mimi nataka mbuzi leo. Huyu anaweza kungoja hata wiki ijayo. Anayeweza kungoja ndiye mkubwa!"

Raha ilimpanda kichwani, akabana vidole vyote vitano, mara mbili.

"Ameuzwa!" Qaali akapiga kigelegele.

"Aiya! Nilikuwa natoa mfano!"

"Mkono ukishasema, abaayo, umesema."

Wathome alivua miwani kwa kucheka. "Dakta, kwani umenunua?"

"Nimenunua, mwenyekiti. Na hakuna aliyenilazimisha."

Maprofesa wakazima sauti, wakashauriana. Qaali hakuuachilia mkono wa Nzilani. Sasa hakuwa akibana chochote, alikuwa ameushika tu.

Sauti ikarudi. "Hongera, Profesa."

Soko likalipuka! Nzilani alimkumbatia Qaali, akamkumbatia mnunuzi asiyemjua, akampigia mama yake simu huku akirukaruka.

"Mwaitu! Mimi ni profesa!"

"Asante Mungu! Na huyo anayelia hapo ni nani?"

"Ni mbuzi wangu, mwaitu. Bandika maji, tunakuja!"