Alfa ya Qurus

Mimi Blandina nilikataa kuhama, na mtu asiniambie ulikuwa ukaidi. Nyuma ya nyumba yangu ndiko alikozikwa mume wangu, Josephati, na kila jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, nilikwenda kumweleza habari za siku. Sasa nihamie bondeni, nimwache azungumze na fisi? Thubutu!

Mwaka huo, sabini na tano, amri ilikuwa watu wote wakae vijijini, nyumba kumi kumi. Tisa zilishajipanga bondeni, upande wetu huu wa Qurus. Ya kumi ilikuwa yangu, peke yake kilimani. Katibu wa kijiji, Patrisi, mtu aliyependa orodha kuliko ugali, akaniambia, "Mama, lori linakuja Jumatatu. Ukibaki huko juu utaniharibia hesabu."

Ijumaa tukawa darasani, elimu ya watu wazima. Patrisi alikaa mbele kuandika mahudhurio. Mwalimu Inosenti akachora nyota ubaoni, akaziunganisha kwa mistari, ikatoka picha ya nge.

"Nyota huitwa kwa kundi lake," akasema. "Inayong'aa kuliko zote kwa kawaida huitwa Alfa, ya pili Beta, kisha Gama. Basi hii hapa ni Alfa ya Nge."

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, hizo nyota za Nge ni majirani?"

"Wala! Nyingine iko mbali kupita kiasi. Ni sisi huku ndio tunaoziona ziko pamoja."

"Na hiyo ya mbali hupelekewa lori?"

Darasa likaangua kicheko. Patrisi hakucheka, aliandika.

Kesho yake asubuhi akapanda kilima akihema. "Mama, utabaki. Utaandikwa kundini bila kuhama, kama nyota. Ila lazima tujue Alfa ni nani." Akaagiza kila nyumba iweke taa nje ya mlango giza likianza kuingia, naye asimame shuleni na daftari apime mwanga kwa jicho.

Ningeweka koroboi yangu nikanyamaza, yangekwisha. Lakini hasira zangu! Mimi niandikwe nyuma ya Hyasinta wa bondeni, ambaye hata uji unamshinda? Nikatoa karabai ya marehemu, nikaipiga pampu mpaka mkono ukauma. Kilima kizima kikawa cheupe. Jogoo wangu akawika.

Nikawa Alfa ya Qurus. Hyasinta akawa Gama. Patrisi mwenyewe, kwa koroboi yake ya utambi wa kanga kuukuu, akashika nafasi ya tisa, akajiandika Iota bila kujipendelea. Jumapili nzima kanisani ikawa, "Shikamoo, Alfa." "Marahaba, Gama."

Jumatatu lori likaja, na bwana mmoja kutoka wilayani. Akafungua daftari la Patrisi.

"Alfa ndiye nani?"

"Mama yule wa kilimani," akasema Patrisi kwa fahari.

"Ndiye wa kwanza?"

"Wa kwanza kabisa, ndugu."

"Na hawa tisa wanafanya nini huku bondeni, mbali na wa kwanza wao?"

Patrisi akaitazama orodha yake. "Ndugu, mwalimu alisema umbali si..."

"Kijiji huanzia namba moja. Pakieni!"

Siku mbili lori lilipanda na kushuka na nguzo, mawe ya kusagia, kuku, na Hyasinta akililia migomba yake. Nyumba tisa zikauzunguka ua wangu, mpaka maji ya paa la Patrisi yakawa yanamwagikia mlangoni kwangu. Mimi sikusogea hata hatua moja. Watu wakanipongeza: Alfa, umeshinda!

Jioni ile, ng'ombe walipokwisha kukamuliwa, nikazunguka nyuma ya nyumba. Beta alikuwa anaanika nguo. Gama ameketi karibu na msalaba anachambua mchicha. Iota akainuka na daftari lake.

"Karibu, Alfa! Umekuja kumwambia nini marehemu leo?"

Wote wakatega masikio. Jamani, miaka sita sikuwahi kukosa neno la kumwambia Josephati. Nikainama, nikaokota kijiti kimoja.

"Nimefuata kuni," nikasema, nikarudi ndani.