Pini ya Mwisho ya Pasikali

Kwa utani, Niyubahwe hakuwa na mpinzani Kitahana nzima. Hata asubuhi ile baba yake, mzee Pasikali, alipobebwa na majirani mpaka kwenye banda lake la uhunzi kwa kuwa mapafu hayakumruhusu tena kutembea, kijana alimpokea hivi: "Karibu bosi! Leo umekuja na usafiri wa kifalme, na nauli hujalipa."

Mzee alicheka, akakohoa, akaomba kipande cha bomba la chuma.

Ndani ya kile kipande cha bomba aliingiza pini nene ya mashine ya kusaga ya Isihaka, mfanyabiashara wa Kibondo mjini, ambaye pini za dukani zilikuwa zikimwishia kama sabuni. Akaishindilia makaa yaliyotwangwa, yaliyochanganywa na unga wa pembe na kwato za ng'ombe zilizochomwa, kisha akaanza kuziba ncha za bomba kwa udongo wa kichuguu. Udongo ulimponyoka. Niyubahwe alinyoosha mkono kumsaidia, ukapigwa kibao.

"Hii nafunga mwenyewe. Ndiyo ya mwisho, nataka itoke nzuri. Nisiende kwa aibu."

"Uende wapi, baba? Si nimekwambia nauli huna?"

"Sikiliza, mpumbavu wangu. Inakaa kwenye moto mwekundu mpaka jua lipinde. Ngozi inakunywa ugumu, ndani inabaki laini. Ikiwa laini mpaka nje, inalika. Ikiwa ngumu mpaka ndani, inavunjika."

"Kama shangazi Apoline."

Shangazi Apoline, dada yake mzee, alikuwa kizingitini akimenya maharage. Alimrushia ganda. "Nimekusikia, mtoto usiye na breki wewe!"

Mzee alicheka mara ya pili. Bomba likazikwa kwenye makaa, Niyubahwe akashika mivuo ya kupulizia, moto ukaanza kunguruma. Jua halijafika utosini, aligeuka kuuliza kama wekundu ule unatosha. Mzee alikuwa ameegemea nguzo, macho wazi, yakitazama moto bila kuuona.

"Baba, usinifanyie mzaha," alisema Niyubahwe. "Mzaha ni kazi yangu."

Kilio cha shangazi kilifika mpaka barabarani.

Mzee aliingizwa ndani, ua ukajaa. Katika ukoo wao, mhunzi akifa, moto wake huzimwa kabla maiti haijaoshwa. Moto wa marehemu haupiki kitu. Shangazi akaja bandani na ndoo ya maji.

"Shangazi, nakuomba. Bado kidogo tu. Ukizima sasa inatoka laini, na ndiyo kazi yake ya mwisho."

"Lini uliona mhunzi wa ukoo huu akaoshwa moto wake ukiwaka? Unataka asitulie huko aliko?"

"Basi nimwagie mimi hayo maji."

Waliozoea utani wake walimwangalia usoni wapate pa kuchekea. Hawakupaona.

Shangazi aliishusha ndoo. Akatazama uani, ambako majirani walikuwa wamekoka moto wa msibani kwa kijinga cha moto kutoka nyumba ya pili, na wanaume wameanza kuuzunguka. "Ule si wake," alisema polepole. "Ule sikuambiwa niuzime."

Niyubahwe alilichomoa bomba kwa koleo, akakimbia nalo. Katikati ya ua, udongo wa ncha moja ulipasuka. Harufu ya pembe iliyoungua ikampiga puani, akajua hewa imeingia na ugumu unapotea. Akakandika udongo mwingine mbichi, mikono ikiungua, akalizika bomba katika moto wa majirani. Nyuma yake ndoo ilimwagwa, na banda la baba yake likafuka mvuke.

Mivuo ikahamishiwa uani. Aliyefika kutoa pole alikabidhiwa mivuo kwanza, pole baadaye. Hata shangazi alivuta zamu yake, machozi yakimdondokea magotini, na hakukubali kupokewa mpaka jua lilipopinda.

Niyubahwe akavunja udongo, akaitumbukiza pini majini. Chwaaa! Hapo ndipo baba yake alipokuwa akichukua tupa na kuijaribu kazi: tupa ikiteleza bila kung'ata chuma, mzee alikuwa akisema, "Imekataa," na hapo kazi imeiva.

Akaichukua tupa ya marehemu. Upande mmoja iliteleza. Upande wa ule udongo uliopasuka iling'ata, ikaacha mkwaruzo unaong'aa.

"Vipi, mwanangu?" shangazi aliuliza.

Akaufunika mkwaruzo kwa kidole gumba. "Imekataa."

Shangazi akaingia ndani, akamwinamia kaka yake, akamwambia.

Matanga yalipokwisha, Niyubahwe aliipigilia ile pini kando ya kaburi mpaka ikazama. Akawasha moto wake mwenyewe, akatengeneza nyingine, akaifunga kwa mkono wake na kuingoja bila kusema na mtu. Tupa iliteleza kote. Akampelekea Isihaka, wala hakumweleza ni kazi ya mkono wa nani.

Siku moja Isihaka akapita Kitahana, akamsalimu kwa Kiha. "Mwidiwe, mwana wa Pasikali! Tangu nifunge ile pini sijagusa spana. Mkono wa marehemu, Mola amrehemu, wewe hutaufikia hata uote mvi!"

"Kweli, mzee. Siufikii."

Isihaka alisimama kidogo akisubiri utani, maana kwa kijana huyu haukosekani. Alipoona hauji, akaaga.