Njia ya Kisimani

Nyasi zilianza kuila njia kutoka kandoni, kama panya alavyo mkate, na Mong'ina alizitazama akiwa mlangoni pake. Zamani njia hiyo haikujua nyasi. Wanawake wa upande ule wa kijiji cha Manga waliishuka asubuhi na jioni kwenda kisimani, na hakuna aliyepita bila kumbishia hodi, achukue habari zake na kuacha umbea wa wengine. Kisima kilipokauka, wakahamia mtoni, nyuma ya kilima. Hawakumchukia. Hawakuwa tu na sababu ya kupita.

Aliyekausha kisima alilala nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Marehemu mumewe, Makori, ndiye aliyekizungushia mikaratusi, akajisifu kwamba miti inayokua upesi vile haijapata kuonekana. Ilikua upesi kweli, maana ilikuwa inakunywa. Mong'ina alilijua hilo, na bado aliipenda. Jioni upepo ulipoipitia, ilivuma kama mtu anayezungumza chumba cha pili, naye alikuwa akiijibu.

Mwaka 1996 akaja Abner, bwana miti wa mradi mmoja, kijana mpole, viatu vimejaa tope. Akaeleza kwamba ng'ambo kuna makampuni ambayo moshi wake unachafua hewa ya dunia nzima, na sasa yanalipia miti ipandwe huku iunyonye moshi huo.

"Yaani wao wakohoe kwao, dawa niipande mimi?" Mong'ina akauliza.

Abner akacheka, akamwita nyanya kwa lugha ya kwao. "Ndiyo hivyo, Magokoro. Miche ni yao, na akina mama watakaoitunza watalipwa. Lakini pale kisimani tunataka mikuyu na mizambarau mwitu, miti isiyopora maji. Mikaratusi lazima ikatwe."

"Na maji yasiporudi?"

Mwana wa watu angeweza kudanganya. "Sijui, Magokoro," akasema.

Neno hilo lilimkaa kifuani wiki nzima. Mikaratusi ndiyo sauti pekee aliyobakiwa nayo. Ikikatwa, na maji yakatae, atakuwa amemzika mume mara mbili. Mwishowe akamwambia Abner aikate siku ya soko, yeye akiwa hayupo. Aliporudi, upepo ulipita kisimani bila kusema neno. Alilia, wala hakujificha, kwani hapakuwa na mtu wa kumficha machozi.

Miche ilishika. Mvua ya El Nino ikanyesha hata kila shimo likawa kisima, kwa hiyo hakuna aliyeyatia maanani maji yaliyoonekana tena kisimani. Mong'ina alikuwa akiifyeka njia kwa panga, majirani wakinong'ona kwamba uzee umempanda kichwani.

Kisha kikaja kiangazi kilichoudhoofisha hata mto. Chini ya mizambarau michanga, maji yalikuwa yakitoka, membamba lakini hayakatiki. Mong'ina alimwambia mtu mmoja tu, sokoni. Halafu akangoja.

Asubuhi moja alikuwa akipepeta wimbi jikoni aliposikia dumu tupu likigonga jiwe nje.

"Hodi! Wenyewe mko? Hii njia ndio inashuka kwa maji? Nimeambiwa iko huku."

Sauti ilikuwa ngeni, ya msichana aliyeolewa juzi bila shaka, maana hakuijua njia. Mong'ina aliinuka na ungo wake, jibu likiwa tayari mdomoni. Akalizuia. Alitaka hodi ile ibishwe mara ya pili.