Kaye Yenye Kuweza Kubeba Robe

Mu mutaa yetu ya Bel-Air yote, hakuna muntu anajua kuchagua kaye, daftari ya kuandikia, kunipita mi, Albertine. Ulizeni fasi yote. Ni kweli, ile kaye ya mwisho nilichagua, ilipasuka mbele ya Pasaka, kurasa zikaruka mu foyer yetu ya kushona sawa kuku wamesikia mbwa. Na masomo yangu iko ya primaire, ya musingi tu: mwaka ya tano mu darasa, ya sita ku dirisha, juu baba alikosa minerval, feza ya masomo, na maître, mwalimu, akanitosha inje. Nikasimama pale, nikafwata masomo vile vile. Basi ile nilisema pa mwanzo, muimeze na kijiko kidogo.

Lakini kushona, ile najua. Nafundisha babinti kushona ku foyer yetu ya bamama, na kwetu mutoto hashone nguo kubwa mbele ya kushona ndogo. Anaanza na robe, gauni ya urefu ya kidole. Anaikata, anaiwekea mikono, col ya shingo, ata mifuko, halafu anaibandika na kole, gundi, mu kaye, na pembeni anaandika vipimo. Kesho yake jupe, sketi. Nyuma yake shati ya bwana. Mwaka ikiisha, kaye inavimba sawa mumama mwenye kukaribia kuzaa. Na ile kaye njo kazi yake yote. Siku atafungua atelier yake ya kushona, ata kama ni mashini moja chini ya mwavuli, mukiliya, mwenye kununua, atafunua, atagusa robe na vidole, atasema: "Nishonee hii." Kaye ya kawaida, ile ya mugongo ya kubandika, haiwezi kuvimba vile. Inaomba spirale, ule waya ya kuzunguka pa mugongo, na spirale nene, na format kubwa, kurasa za upana, juu nguo haikae mu kaye ya catéchisme.

Ile yenye ilipasuka haikuwa na spirale. Nilijua, lakini nilipenda kifuniko: ilikuwa na picha ya bacheza mupira. Muzuri sana. Zile picha hazikupasuka, kaka za babinti baliziiba.

Sasa mwaka huu Dorcelle, directrice, mukubwa wa foyer yetu, alikuya kunitwaa ku nyumba asubui.

"Maîtresse, leo tunaenda kununua makaye ya mwaka muzima. Karato na karato, masanduku mazima. Bila jicho yako hatuwezi."

Huyu Dorcelle, mi njo nilimushikishaka makasi. Robe yake ya kwanza ya kidole, alishona mikono yote mbili upande moja. Nilimwambia: "Mwana wangu, hii ni ya mumama mwenye kutembea na ubavu." Alicheka mupaka alilia. Alikuwa binti ya kucheka, ile wakati. Leo iko directrice, anacheka na meno ya mbele tu.

Mu taxi alinipa kiti ya mbele. Mi nilizoea kubanwa nyuma, kati ya muntu na musiba yake. Tulishuka en ville, mu katikati ya muji, akaninunulia sucré, soda ya baridi, akaifungua eye mwenyewe, akapangusa chupa na kitambaa yake. Nikakunywa. Ilikuwa tamu. Nikaanza kuogopa.

Juu kwetu habafukuzake mukubwa na kinywa. Inaleta haya. Banamuheshimia tu, mupaka anaelewa. Banamupa kiti ya mbele, banamupangusia chupa, banamuuliza mashauri ya kintu yenye haitamugusa tena. Halafu siku moja banamufunga pagne, kitenge ya mupya, juu ya ile alivaa, banamupigia makofi, na akigeuka mulango iko nyuma yake, imefungwa. Kwa hiyo mi, muntu akinitukana, nalala muzuri. Akinipangusia chupa, hapana.

Na kulikuwa Exaucée. Binti muzuri, kucha ndefu, ametoka ku institut ya mode, masomo kubwa ya mavazi. Dorcelle alimuleta mu darasa langu kwa "kusaidia maîtresse." Eye hafundishe na kole. Anapiga robe foto na telefone, anaituma mu WhatsApp ya babinti, basi, masomo imeisha. Siku moja nilimuuliza: "Na mutoto atajuaje uzito ya kitambaa?" Akanijibu na heshima: "Maîtresse, ata-zoomer."

Mutasema: mumama muzee, aende apumzike. Apumzike wapi? Ku nyumba ya mwana wangu niko kaku, nyanya tu. Kaku, toka mu njia. Kaku, punguza radio. Kaku, hapa ni fasi ya mugeni, ukae kule. Ku foyer niko maîtresse, nikiingia bananisimamia, ata ule wa kulala anasimama na macho imefungwa. Muntu anaweza kuwa kaku, ndiyo. Lakini si juma muzima, asubui mupaka jioni, mupaka kaburi. Ile darasa ikinitoka, njo hiyo itabaki.

Basi tukaingia kwa Muhindo. Muhindo ni wa Butembo, anauzisha makaye kwa jumla mu dépôt, ghala ndefu, giza, yenye harufu ya kartasi na panya.

"Yambo, maman maîtresse! Umekuya kuniharibia tena marchandise ya kuuzisha?"

"Yambo, papa Muhindo. Nimekuya kukupangusia vumbi. Weka format kubwa hapa, ya spirale. Zote."

Akapanga pa meza ya mbao. Kulikuwa za kifuniko ya milima yenye teluji, za simba, za bibi-arusi muzungu. Leo sikuangalia picha. Nililamba kidole, nikasugua kona ya kartasi ya kwanza. Ikaambuka, sawa ngozi ya muntu aliungua na jua.

"Hii ni ya kufungia karanga," nikasema.

Ya pili, spirale yake ilikuwa ya plastiki. Nikaikunja kidogo, ikalia *ta*.

"Maman!"

"Ilikuwa imeshakufa, papa. Mi niliifunga macho tu."

Ya tatu ilikuwa ya bleu, bila picha yoyote, sawa kaye ya mujane. Kartasi ilikataa mate yangu. Spirale ilikuwa ya chuma, nene, kidole changu kilipita ndani. Hapo nikafungua sac yangu ya mukono, nikatosha robe ya kidole, ile ya kitambaa ya wax ya njano, na chupa ya kole.

"Hapana, hapana, hapana," Muhindo akasema. "Uko unabandika robe mu kaye ya muntu?"

"Sibandike yote. Mukono moja tu."

"Na kama hamuinunue?"

"Utauzisha kaye na robe. Utapandisha bei, utanishukuru."

Akacheka, tumbo likagonga meza. Nikabandika mukono wa robe, nikapuliza, nikashika kaye nzima ku ile ukurasa moja, nikaitundika mu hewa. Ikazunguka polepole. Haikutoka. Nikatia ndani foulard yangu ya kichwa, imekunjwa, nikafunga kifuniko: ilifunga, na fasi ilibaki.

"Njo hii," nikasema. "Kaye yenye kuweza kubeba robe. Papa Muhindo, hizi za bleu."

Dorcelle alikuwa pembeni, anaangalia telefone yake. Akakuya na kaye ingine mu mukono, nyeupe, maua pa kifuniko, nyembamba sawa biskuti. Spirale yake ilikuwa sawa uzi. Nilitafuta fasi ya kupitisha ata sindano.

"Maîtresse, aksanti sana kwa kazi. Lakini tutatwaa hizi."

"Hizi zitabeba nini? Ata kifungo moja itazivunja mugongo."

"Ni nyepesi. Ni moderne. Babinti bataziingiza mu sac."

"Na robe?"

Akapitisha kidole pa maua.

"Robe… tutapunguza robe kidogo."

"Kupunguza urefu?"

"Kupunguza… tu."

"Wee Dorcelle. Muntu anatwaa kaye yenye haiwezi kuvimba, ni juu hakuna kintu ya kutia ndani. Niangalie. Hapana maua, niangalie mi. Jumatatu njo mi naingia mu darasa, ao ni mwingine?"

Muhindo akaanza kupanga karato yenye ilikuwa tayari imepangwa.

"Maîtresse! Nani alikutilia ile mu kichwa?" Sauti ikapanda. "Ni weye! Ata papa Clément, président mwenyewe, alinipigia leo asubui. Aliniambia: 'Mama Albertine asitoke. Abakie mupaka siku atachoka eye mwenyewe.' Alisema ivi, maîtresse, ivi: 'Foyer bila ule mama ni mashini bila sindano.'"

Nitawaambia kweli: moyo wangu uliruka. Kwa muda ya kumeza mate, nilikuwa na darasa langu, na babinti bananisimamia, na ule wa kulala. Sentensi ilikuwa muzuri mupaka nilitaka kuishona pa kifua.

Halafu nikafikiri. Papa Clément namujua. Ni président wa comité ya foyer, anauzishaka saruji. Ni muntu muzuri, lakini siku ya ndoa yake, padri alimuuliza kama anamutwaa ule bibi, na eye akajibu: "Ni ile tulisemezana." Huyu hawezi kutosha mashini na sindano mu kinywa moja.

"Ah, Dorcelle," nikasema, na nikafanya macho ya mayi kidogo, juu hiyo bado naweza. "Kumbe. Tumupigie basi, nimushukuru."

"Iko mu njia ya Mitwaba, maîtresse. Kule hakuna réseau, telefone haishike."

"Na asubui?"

"Asubui hakuwa amefika mbali."

"Bamama," Muhindo akasema, na akatoka nyuma ya karato, "mi pia namuhitaji. Munajua desturi ya hapa. Makaye ya association haitoke bila kusikia sauti ya président. Comité moja ilishanikatalia kulipa bintu yangu: banasema, nani alikutuma? Toka ile siku, sauti kwanza."

"Papa Muhindo, leo tuache," Dorcelle akasema. "Nitarudi kesho na eye mwenyewe."

"Anatoka Mitwaba kesho?" nikauliza. "Ile barabara? Anaruka?"

"Maîtresse, tafazali."

Alisema ile *tafazali* polepole, na sauti ya binti ya zamani, ya mikono mbili upande moja. Ningeweza kunyamaza. Mumama mwenye moyo muzuri angenyamaza, angekunywa sucré ya pili, angengoja pagne na makofi. Mi nilimuangalia Muhindo.

"Papa Muhindo, kesho makaye itakuwa ingali hapa?"

Muhindo ni mucuruzi, anapenda kuuzisha. "Kesho?" akasema. "Kuna ma-école bengi ya batoto banauliza hizi. Siwezi kuapa." Na akawa ameshatosha telefone yake, akagusa jina, akabonyeza haut-parleur, sauti isikike kwa bote, akailaza pa makaye ya bleu, kati ya mi na Dorcelle.

Ikaita. Dorcelle alishika kaye ya maua na mikono mbili, sawa muntu mwenye kushika sahani ya muchango mu kilio ya maiti. Ikaita tena. Nikaona midomo yake inaomba, sijui kwa Mungu ao kwa antenne.

"Allô, Muhindo!"

Sauti ilikuwa kubwa, safi, na nyuma yake nyundo: ko, ko, ko.

"Papa président, yambo. Niko na bamama wa foyer hapa. Ni kwa makaye."

"Ndiyo, ndiyo, toa. Zile nyepesi, Dorcelle anajua. Mi niko hapa ku foyer na Exaucée, banatundika télé ya masomo pa ukuta. Ee, fundi, panda juu kidogo! Muhindo, Dorcelle iko hapo?"

Muhindo alimuangalia Dorcelle. Dorcelle alifanya na kichwa hapana. Muhindo alikuwa ameshasema:

"Iko."

"Dorcelle! Umekwisha kumuambia ule mama? Ao ungali unazunguka naye mu muji? Jumatatu ni Exaucée anaingia, si unajua. Usiniletee kilio pa mulango siku ya kufungua."

Mu dépôt tulisikia tu ile nyundo. Nikavuta foulard yangu mu kaye, nikajifunga, nikaisogelea telefone, nikatosha sauti ya darasa.

"Bado, papa Clément. Ni mi, Albertine. Bado hajaniambia. Alikuwa ananieleza vile ulimupigia asubui, kwamba mi nitabakia mupaka nitachoka. Kwamba foyer bila mi ni mashini bila sindano. Njo nilitaka kukushukuru."

Nyundo ikanyamaza. Kule, muntu alikohoa.

"Mashini gani?" papa Clément akauliza. "Mama Albertine… pole, sikujua uko hapo. Lakini asubui gani? Mi na Dorcelle hatujasemezana toka Jumapili ku kanisa."

Muhindo aligeuka kuangalia ukuta, ile ukuta yenye haina kintu.

"Ni réseau," Dorcelle akasema. Uso wake ulikuwa umelowa. "Kule aliko, maîtresse. Inakata."

Haikukata. Tulisikia ata fundi anauliza kama apige musumari.