Farasi wa Ukuta wa Roda

"Fundi, huyo farasi umemnyonga!" Mukhwana alicheka, akisimamisha mkokoteni wake wa maji uliovutwa na punda. "Nira ni ya ng'ombe, bwana."

Osiako alishuka ngazi, akautazama ukuta aliokuwa akiuchora. Hakuwahi kumwona farasi akilima. Kwao Khwisero plau ilivutwa na maksai wawili, na mkono wake ulikuwa umemvika farasi nira bila hata kumuuliza.

Roda, mwenye duka jipya la dawa za mifugo, alikuwa amempa hadi jioni amalize picha ya farasi akivuta plau. "Ukishindwa, naweka bango la kuchapishwa." Kakamega nzima ilikuwa imeshahamia mabango hayo. Osiako hakuwa na ukuta mwingine wa kuchora.

"Nionyeshe wako anavyofungwanga," alimwambia Mukhwana.

Punda alisogezwa. Mkanda wa gari kuukuu ulipita kifuani, chini yake kipande cha gunia. Osiako alikiinua. Palikuwa na kidonda kipana kama kiganja. Punda hakushtuka.

"Na bado anavuta?"

"Asipovuta tutakula nini, mzee?" Mukhwana hakucheka tena.

Osiako alirudi juu. Aliifuta nira, akachora mkanda kifuani, na kabla hajajizuia, akatia kidonda, chekundu juu ya ngozi nyeupe. Papo hapo farasi akaanza kuvuta. Katika miaka thelathini ya kuchora kuku na vikombe vya chai, hakuna kilichowahi kupumua hivyo mkononi mwake.

"Uwi!" Roda alishika kichwa. "Fundi, nani atanunua dawa kwangu akiona hiyo? Funika!"

Alifunika kwa nyeupe. Wekundu ukapanda. Akafunika tena, ukapanda tena. Rangi ya chini ilikuwa mbichi. Ilihitaji usiku mzima, naye alibakiwa na saa moja. Alipepea kwa kofia. Alipuliza kwa mdomo mpaka akaona kizunguzungu.

"Kauka," alinong'ona. "Tafadhali, kauka."

Saa kumi na mbili wanaume wawili walifika na bango. Hawakumfukuza. Walimwomba tu ngazi.

"Tushikilie hapo chini, mzee, isiteleze."

Akaishikilia kwa mikono miwili.

Bango lilikuwa fupi kidogo kuliko ukuta. Chini ya ukingo wake zilibaki kwato nne, zimechimba udongo, zikivuta.