Majibu Yaliyofutwa kwa Mate

Kwa maneno ya Bi Hamisa, jirani wa ukuta mmoja, Jovina alipandwa na shetani katikati ya mtihani wa darasa la nne. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, mahali pake pa siku zote. Akamaliza hesabu kabla ya mtu yeyote, akaweka penseli chini, akatulia kama bibi harusi. Halafu akainua kichwa, akawatazama wenzake, na macho yakambadilika. Akaanza kufuta. Raba ilipokwisha akafuta kwa mate mpaka karatasi ikatoboka, na kengele ikamkuta bado anafuta.

"Hija wangu anakaa mbele yake; kageuka, kaona mwenyewe," alisema Bi Hamisa, ungo wa mchele mapajani. "Mvusheni Kigamboni, Auleria. Kuna mzee huko anawatoa."

"Sie Wakatoliki, Bi Hamisa."

"Shetani haulizi dini, mwanangu. Hija wangu anaweza kuwa wa arobaini darasani, lakini kichwani hana mtu."

Siku nyingine Auleria angecheka. Alikuwa amemlea mdogo wake huyo tangu mama yao alipofariki, naye mwenyewe aliachia masomo darasa hilohilo la nne ili apike. Baba yao, Gregori, karani wa reli, alikwisha sema neno lake: akifaulu ataenda bodingi, shule ya kati, asipofaulu, atarudi Bukoba kwa shangazi akashike jembe. Na baba akisema huwa hasemi mara mbili.

Jioni, wakimenya ndizi uani, Auleria akauliza taratibu.

"Ulifuta kwa nini?"

"Yalikuwa rahisi."

"Sasa si ndiyo vizuri?"

"Dada, Tabu alikuwa bado anaandika." Jovina hakuinua macho. "Tabu ndiye wa kwanza darasani. Mie nitamalizaje kabla ya Tabu? Nikajua nimekosea yote."

Hakulia. Alisema tu, kama mtu anayeeleza kwamba maji huteremka bondeni, akaendelea kumenya.

Auleria akakumbuka lilipoanzia. Darasa la pili Jovina aliugua surua, akakosa muhula karibu wote, akarudi siku za mtihani akawa wa mwisho, wa arobaini na moja. Shuleni kwao mtu hukaa kwa nafasi yake: wa kwanza dirishani karibu na mwalimu, wa mwisho kwenye kona ya nyuma, ambako ubao hauonekani vizuri. Mwalimu Adelard akamwita Mkia. Darasa likacheka, jina likashika. Kila muhula nafasi zikasomwa, na kila muhula Mkia akabaki Mkia. Mwisho hata akiulizwa jambo analolijua alijibu, "Sijui," upesi, ili yapite.

Lakini nyumbani! Nyumbani ndiye aliyejua pipa limebakiza debe ngapi kujaa, kwa kulitazama tu. Ukimsifu, anasema, "Nimebahatisha."

Kesho yake asubuhi Auleria akajifunga khanga ya kutokea, akaenda shuleni. Wanafunzi walikuwa wamefunga shule. Mwalimu Adelard alikuwa peke yake darasani, anaandika namba za mwaka mpya kwenye madawati kwa chaki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ni habari ya Mkia?"

"Ya Jovina, Mwalimu."

Karatasi za majibu zilikwisha chukuliwa mjini, akasema, wala hazirudi. Zilizobaki ni za kukokotolea tu, na hizo ni za kuwashia moto. Auleria akaomba azitazame. Akapiga magoti sakafuni, akazipekua moja moja bila haraka, mwalimu akiendelea na chaki yake, mpaka akaona mwandiko anaoufahamu.

Swali la sita: mapipa matatu, kila moja galoni arobaini na nne, debe moja galoni nne, yatajazwa kwa debe ngapi? Chini yake, kwa tarakimu ndogo zinazojificha pembeni: thelathini na tatu.

Mwalimu akaipokea, akaisoma. Akairudia kuanzia juu, safari hii akifuata kila mstari kwa kidole. Swali la saba. La nane. La tisa. Kidole kikasimama.

"Aliiga," akasema.

"Kwa nani, Mwalimu? Mbele yake alikuwepo Hija."

Mwalimu akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake. Vumbi la chaki lilikuwa limemganda kwenye mkono wa shati.

"Mwalimu, baba nimemsihi mpaka usiku," Auleria akasema. "Amekubali arudie mwaka mmoja, iwapo mwenyewe atataka. Hataki. Sare ameikunja, amempa binti wa jirani. Anasema mwaka mwingine ni wa kuwachekesha watu tu. Jumamosi anapandishwa treni."

"Nafasi ya kurudia ipo," mwalimu alisema. "Mwambie basi."

"Nimemwambia. Nimemwambia alipata, akanijibu kwamba mie ni dada yake, nitasema nini kingine." Auleria akasimama, akakung'uta magoti. "Neno la kuwa yeye Mkia lilitoka kwako, akaliamini. Hata la kukanusha hataliamini likitoka kwa mwingine. Sisi tunakaa hapo nyuma ya soko, si mbali. Njoo na hiyo karatasi, Mwalimu. Mwambie wewe kwa mdomo wako kwamba alikuwa amepata. Mwite kwa jina lake. Utakuja?"

Mwalimu Adelard aliikunja karatasi mara mbili, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akaiweka chini ya kopo la chaki, akainama kwenye dawati la kona ya nyuma, akaandika polepole, akikoleza: arobaini na moja.

Auleria akaenda mpaka mlangoni, akasimama hapo, akingoja aichukue ile karatasi.