Mashavu ya Eddy

Godelieve hakuwa na nia mbaya. Hilo lieleweke kabla ya mengine yote, maana Baraka ni mji wa kutia chumvi, na habari hii ilitiwa chumvi mpaka ikawa hailiki. Alichotaka mama wa watu ni mfuko tu. Panya walikuwa wamekula mfuko wa mashine yake ya kufyonza vumbi, na mashine ya namna hiyo ikikosa mfuko hulitoa vumbi sakafuni na kulirusha machoni mwa mwenye nyumba.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kale, ya kusimama wima, chuma kitupu, nzito kiasi kwamba mtu akiibeba lazima apumzike njiani. Iliachwa na wamisionari kwenye stoo moja kule Nundu, na Eddy, mume wa Godelieve, fundi wa redio na pikipiki, ndiye aliyeiokota akarudi nayo Baraka juu ya pikipiki ameikumbatia. Ilikuwa na taa mbele, kama vile wazungu walikuwa wakifagia gizani. Ilikuwa na pedali ya kukanyaga ili mpini ulale. Chini yake kulikuwa na brashi nene iliyozungushwa na mkanda wa raba, na nyuma ya brashi feni iliyovuta vumbi na kulisukuma ndani ya mfuko wa kitambaa ulioning'inia kwenye mpini. Ukiiwasha, mfuko unajaa upepo na kusimama. Ukiizima, unalegea.

Sasa, Eddy alikuwa mtu asiyeweza kuona kitu kizima akakiacha kizima. Mkanda wa raba ulipokatika alikata mwingine kwenye mpira wa baiskeli, na huo ukadumu kuliko ule wa wazungu. Brashi ilipoota upara alipandikiza nywele za mkia wa ng'ombe, zilizoletwa kutoka milimani. Taa aliing'oa akaweka ya pikipiki, akaongeza kisanduku cha chuma cha kupunguza nguvu ya umeme ili mashine isiungue ikiunganishwa na jenereta yao ndogo, ambayo Baraka nzima huiita grupu. Mwishowe, bila kuombwa na mtu yeyote, akafunga honi kwenye mpini. Godelieve alimwuliza honi ya nini kwenye kitu cha kufagilia. Eddy akajibu kwamba kuku hawaelewi lugha nyingine.

Kisha Eddy aliugua. Ugonjwa ulimla taratibu, ukaanzia mashavuni, na Eddy alikuwa mtu wa mashavu. Hata kwenye kwaya watu walimtambua kwa mashavu kabla ya sauti. Alipofariki, familia ilichapisha vitenge vya matanga vyenye sura yake, kama ilivyo desturi, lakini picha pekee iliyopatikana ilikuwa ya kwenye kadi, aliyopigwa wakati ameshaanza kukonda. Kwa hiyo waombolezaji wote walivaa Eddy mwembamba, mwenye macho makubwa, anayeonekana kana kwamba hajapewa chakula. Godelieve alikivaa kitenge hicho kwa uchungu mara mbili.

Matanga yalipoondolewa, mjane alitazama nyumba, akaitazama mashine, akaamua wataishi wote wawili kwa kazi. Kiangazi cha Baraka ni vumbi tupu, na watu wenye mazulia na viti vya vitambaa hawakosekani. Godelieve alipakia mashine na grupu kwenye mkokoteni, akawa anaitwa nyumba hii na ile, na ada ya shule ya binti yake Divine, aliyekuwa akisoma Nundu, ikapatikana humo humo. Ndipo panya wakaja.

Alijaribu vitambaa alivyokuwa navyo. Chepesi kilipitisha vumbi lote, kizito kilizuia hata upepo. Kilichofaa, cha uzi uliobana vizuri, kilikuwa kimoja tu, kile kipande cha kitenge cha matanga kilichobaki. Alimpelekea Arlette, fundi cherehani wa jirani, akitumaini atakata pembeni penye maua. Arlette alikikunjua, akakigeuza, akaweka mkasi chini. Pembeni hapatoshi, alisema, na kwa upande wa sura asingeweza kusaidia: hapa kwetu mkasi haupiti juu ya uso wa marehemu. Ukishona gauni, uso unakaa mzima mgongoni au tumboni, lakini haukatwi. Basi akashona kuuzunguka, na mfuko ulipomalizika Eddy alikuwa amekaa katikati, mzima, akimtazama kila atakayesukuma mashine.

Siku ya kwanza ya kuutumia ilikuwa kwa mama Nyiramahoro, mama wa milimani anayeuza maziwa, mwenye zulia pana kuliko sebule yake. Godelieve aliwasha. Upepo ukaingia. Macho ya Eddy yalirudi mahali pake, paji la uso likanyooka, na mashavu, yale mashavu, yakafura yakafura mpaka mtu akawa amerudi kama alivyokuwa kwenye kwaya. Godelieve aliachia mpini. Mashine ikaendelea yenyewe kwa nguvu za brashi, ikavuka zulia na kuingia chini ya meza ikiwa imewasha taa. Nyiramahoro aliifuata kwa macho, jagi lake mkononi. Kisha akauliza kwa heshima zote kama mgeni huyu naye anakunywa maziwa.

Wakacheka mpaka wakalia, na kulia kwa Godelieve kukachelewa kwisha. Tangu siku hiyo alizoea. Alipokuwa akisukuma alimweleza Eddy bei ya ndagala wa ziwani, akamlaumu kwa kumwachia paa linalovuja, na Eddy, ameshiba, alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo akiwa hai halikutokea mara nyingi. Mashine ilipozimwa alitoa pumzi polepole na kutazama sakafu, kama mwanamume aliyeulizwa alikuwa wapi. Godelieve alikuwa na furaha. Aliiona furaha hiyo na kuionea haya, ila hakuiacha.

Halafu zikaja salamu kutoka Kazimia. Albert, kaka mkubwa wa Eddy, mfanyabiashara wa samaki, angekuja kuchukua mashine.

Desturi ilikuwa upande wake. Baada ya matanga, ndugu wa mume huja kuchukua vyombo vya kazi vya marehemu, na Godelieve alikuwa ameshatoa baiskeli, redio na visanduku vya spana bila kunung'unika. Lakini mashine ndiyo iliyomlisha. Na kulikuwa na jambo baya zaidi, lililomfanya akose usingizi. Albert akiuona mfuko, angeona nini? Angeona mwanamke aliyechukua uso wa ndugu yao akaujaza taka za nyumba za watu. Kwa neno hilo angeitisha kikao cha wazee, na Godelieve angepoteza mashine na jina lake jema kwa mkupuo mmoja. Alijitafutia jibu la kuwapa wazee.

Basi akaamua kuichakaza mashine, ili Albert aione haifai hata kubebwa. Alifungua honi. Alifungua taa. Alitoa mkanda ili brashi isizunguke. Vyote alivifunga kwenye shuka akavisukuma chini ya kitanda. Mfuko wa Eddy aliukunja kwa adabu, akauweka kwenye sufuria kubwa, akafunika. Mahali pake akatundika gunia la mchele, na ukweli ni kwamba mashine ilitia huruma.

Albert aliwasili mchana, mtu mpana, amevaa koti la suti katika joto lile, mkononi ana samaki wakavu kwa ajili ya nyumba, kama inavyompasa shemeji. Alikula ugali akasifu sombe ya majani ya muhogo. Aliuliza habari za Divine. Kisha akanawa, akaisogelea mashine, akaizunguka na mikono yake nyuma.

“Mama Divine,” alisema, “honi iko wapi?”

“Honi gani, shemeji?”

“Ya pikipiki. Eddy aliniambia aliweka honi, juu ya kufukuza kuku.”

Godelieve alitazama mlango wa chumbani. Hakujua, na hakuna aliyewahi kumwambia, kwamba kila Jumapili baada ya ibada, alipodhani mume wake yuko nyuma ya nyumba anaongea na wateja, Eddy alikuwa kwenye simu na kaka yake, akimsimulia mashine kipande kwa kipande. Aliingia chumbani akatoka na honi, akisema aliiweka kando isishike kutu. Albert aliipokea na kuuliza taa. Akarudi chumbani. Albert akainama, akagusa brashi, akasema hizi njo nywele za ng'ombe, na mkanda wa mpira wa baiskeli je? Safari hii Godelieve alikaa chumbani kidogo, ameketi kitandani, akijichukia. Alipotoka na mkanda hakutoa sababu yoyote, na Albert hakumwomba.

Albert alivirudisha vyote mwenyewe, taratibu, kwa vidole vinene visivyozoea skrubu, akijua kila kimoja kinakaa wapi. Kisha akaenda akavuta kamba ya grupu na kuwasha mashine.

Gunia la mchele si mfuko. Vumbi liliingia upande mmoja likatoka pande zote. Sebule ilitoweka. Godelieve alikohoa, Albert alikohoa, kuku waliokuwa mlangoni wakaondoka bila kupigiwa honi. Albert alipoweza kuipapasa swichi na kuizima, koti lake lilikuwa na rangi ya barabara ya kwenda Fizi, na nyusi zake vilevile. Alijipangusa macho. Hakukasirika, na hilo lilimtisha Godelieve kuliko hasira.

“Hapana,” alisema Albert. “Eddy hawezi kukubali gunia. Mufuko wa kweli uko wapi?”

Godelieve angeweza kusema panya. Hata usingekuwa uongo mkubwa. Lakini alikuwa amechoka kuingia na kutoka chumbani kwake kama mwizi, tena mwizi wa vitu vyake. Alikwenda jikoni, akaleta sufuria, akafunua, akautoa mfuko na kuutandaza mezani. Eddy mwembamba akawatazama wote wawili.

“Nilikosa kitambaa,” alisema. “Sikutaka kumutukana. Niliona kama anatembea na mi kwa kazi. Ukitaka kuita bazee, ubaite. Nitabaambia vilevile.”

Albert alisogea mezani. Alipitisha kidole gumba juu ya paji la uso wa mdogo wake, akinyoosha mkunjo uliotokana na sufuria. Alifanya hivyo kwa muda mrefu, mkunjo ukiwa umeshakwisha. Halafu akaomba mfuko ufungwe mahali pake.

Godelieve aliufunga, akakanyaga pedali mpini ukalala kidogo, akawasha. Na Eddy akaja. Yalikuja macho, likaja paji, yakaja mashavu, yote mawili, mviringo, ya mtu anayekaribia kuimba. Albert alirudi nyuma mpaka akagonga kiti. Alisema neno ambalo ngurumo ya mashine ililimeza. Godelieve, akidhani anaambiwa azime, akazima, Eddy akaanza kulegea, na Albert akapunga mikono yote miwili kwa haraka kwamba hapana, hapana, iwashwe.

Ikawashwa. Mtu mzima mwenye koti lake alisimama katikati ya sebule akalia bila kujificha, na machozi yakichanganyika na vumbi yakawa tope, yakamshukia mpaka kwenye kola. Godelieve alimwacha. Alipoona amepata pumzi alizima, na safari hii Albert alivumilia, ila aligeuka akatazama dirishani mpaka mfuko ulipotulia.

“Njo yeye mwenyewe,” alisema. “Kule kwa matanga niliangalia ile picha sana. Nilifika bameshafunga sanduku, nikabakia na kile kikwembe chenye sura yake tu. Nilikuwa naangalia, simuoni. Nikasema pengine nimemusahau ndugu yangu.”

Godelieve alikaa chini. Alikuwa ametumia majuma kumwogopa mtu huyu, akimpangia hila za gunia na shuka, na wakati wote huo hakuwahi hata mara moja kumfikiria kama mtu aliyefiwa. Aliona aibu iliyo kubwa kuliko ile ya mfuko. Alimwuliza, kwa sauti ya chini, alitaka kuifanyia nini mashine kule Kazimia.

“Sijui,” alisema Albert. “Sina hata tapi moja ya kufagia sebuleni.”

Walicheka. Kicheko kilimtoka Albert kwa taabu, kama kitu kilichokuwa kimekwama kooni tangu mazishi. Akaeleza kwamba Jumapili simu haipigwi tena na mtu, na yeye bado huketi nayo baada ya ibada, basi akawaza kwamba akiwa na mashine iliyozungumzwa sana hivyo angekuwa na kitu cha kutazama. Godelieve akasema, kwa moyo ulioumia lakini kwa ukweli, kwamba kama ni hivyo aichukue. Albert akatikisa kichwa.

“Ibakie hapa. Kule nani atamutembeza? Hapa bantu banamujua.” Akajikuna nyusi, vumbi likadondoka. “Washa tena kidogo, mama Divine.”

Akawasha. Hawakufagia chochote. Walisimama tu kila mmoja upande wake, Albert akimpigia ndugu yake kelele kushinda ngurumo ya grupu, akimweleza habari za ziwa, nani ameoa, boti gani imeuzwa, mpaka esanse, petroli ya grupu, ilipokwisha. Grupu ilikohoa ikanyamaza. Taa ya pikipiki ilififia, na mashavu ya Eddy yakaanza kushuka.

Godelieve alifungua mdomo kumwambia shemeji akae, yeye ni mgeni, mafuta yatatafutwa kesho. Hakuwa na wa kumwambia. Albert alikuwa ameshavua koti, ameshanyakua bidoni la mafuta, na alikuwa barabarani akiuliza watu esanse inauzwa wapi. Basi Godelieve alipiga magoti kando ya mashine, akaushika mfuko kwa mikono miwili ili uso usiguse sakafu, akakaa hivyo mpaka aliposikia viatu vya shemeji yake vikirudi mbio.